Ruhusa ya Burhani

La Rochelle, Johannesburg
8 Oktoba 2018

Mdogo wangu Burhani,

Assalamu alaikum. Baridi ya Nepali haijakuletea kifua? Mimi mzima, ila usingizi sipati.

Baba hayupo tena duniani, na ndugu mwingine wa kiume sina. Walii wangu ni wewe, na nikaha ni Ijumaa ya tarehe 19. Andika mistari miwili tu: umeridhia niolewe na Octave, na umempa sheikh wa msikiti wetu uwakala wa kuniozesha. Miezi mitano unanizungusha, sasa umekimbilia milimani kuwapikia watalii. Unasema amesilimu kwa ajili yangu. Alisilimu mwaka mzima kabla hajanijua. Nijibu.

Dada yako,
Zabibu

Nepali, 11 Oktoba

Dada,

Waalaikumu salaam. Niko salama, miguu tu inalalamika. Octave sina ubaya naye, lakini kwao sikujui. Nipe siku chache nifikiri.

Mdogo wako

Johannesburg, 16 Oktoba

Burhani,

Salamu baadaye. Wageni nimewaalika, gauni nimelishona mwenyewe. Leo Octave ametoka lindoni Marshalltown akaniuliza, "Ndugu yako anakatala miye, ao anakatala Bakongomani bote?" Mjibu wewe.

Dada yako

Nepali, 26 Oktoba

Dada yangu mpenzi,

Hujambo? Naogopa hata kuuliza.

Barua yako niliisoma asubuhi ya tarehe 17, mtandao ukiwa mzuri. Nikaandika "nimeridhia", nikafuta. Nikajiambia nitaandika jioni, kijiji cha mbele. Mpishi huwatangulia wageni, kwa hiyo nikatoka mbio na masufuria mgongoni. Huku unapanda ngazi za mawe mpaka magoti yanatetemeka, unateremka mtoni, unavuka daraja linaloyumba, unapanda tena. Saa nane mchana kichwa kiliniuma vibaya kwa hewa haba ya huko juu, nikatapika, nikakaa chini. Mpagazi mmoja, hata jina lake silijui, akaweka mzigo wake kando ya njia akanibeba mpaka nyumba moja kijijini. Mama mwenye nyumba akaninywesha chai ya chumvi, akanifunika blanketi lake. Hakuna aliyeniuliza kwetu ni wapi. Niliona aibu, dada.

Nikashika simu nikuandikie, mtandao hakuna. Theluji ikafunga njia siku nane. Leo ndiyo nimeteremka.

Nimeridhia. Nampa sheikh uwakala akuozeshe. Niombee radhi kwa shemeji.

Mdogo wako,
Burhani

Johannesburg, 2 Novemba

Burhani,

Alhamdulillahi, u hai. Nimelia kwa hilo, ujue.

Ijumaa ile sheikh alingoja mpaka alasiri. Akasema walii akikosekana, yeye anaweza kuniozesha. Nikakataa mimi, mbele ya watu. Nikasema ndugu yangu ataandika, tungoje kesho. Octave alinitazama, akavua kofia, akatoka bila kugombana. Jumatatu akahamia Durban. Simu zangu hapokei.

Ruhusa yako nimeipata. Sina wa kumpelekea. Ningeweza kuolewa bila wewe, sikutaka.

Usiniandikie mpaka nikuandikie mimi.

Dada yako