Mtu Aliyevaa Kofia ya Saidi

Jumatano, Lindi mjini. Manyunyu tangu alfajiri, na mimi nimenuna.

Nimekaa kwenye duka la intaneti karibu na stendi. Jirani yangu anacheza karata kwenye kompyuta na anasonya kila akishindwa. Riwaya yangu imekwama palepale.

Kwa aliyefika kwenye blogu hii leo: naandika kichekesho cha mapenzi. Wanunuzi wawili wa korosho, mwanamke na mwanamume, kule Nyangamara, miaka ile soko huria lilipoingia na kila mwenye mizani na turubai akajiita kampuni. Vibanda vyao vinatazamana. Wanachukiana hadi wakulima wanakuja kuangalia tu, hata wasio na korosho. Mwisho wanaoana.

Mwanamke ni mimi. Mwanamume ni Saidi. Sisi hatukuoana.

Saidi alikuwa na mdomo, jamani. Kila asubuhi, kabla hajafungua kibanda chake, alivuka barabara kuja kuitukana mizani yangu. Nami nikawatangazia watu kwamba ile kofia yake kaiokota makaburini. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Kisha akaugua homa, asubuhi ikapita bila matusi, na mimi nikakaa nikitazama kibanda kilichofungwa huku wateja wananiita sisikii. Hapo nikajijua. Nikampelekea uji. Akaumaliza wote, akasema uji wangu una mawe kama korosho zangu.

Hakuwahi kuniambia ananipenda. Wala mimi sikumwambia. Msimu ulipokaribia kwisha, lori lilipinduka kwenye mteremko wa Rondo, naye alikuwa amekaa juu ya magunia.

Msibani akaja Mzee Likanga, mtani wa ukoo wao. Watani kwetu kazi yao inajulikana: kumwiga marehemu mpaka wafiwa wacheke. Alivaa koti la Saidi na kofia yake, akatokea uani bega moja limeshuka, akaitukana mizani yangu kwa sauti ileile ya kukwaruza. Watu wakaangua kicheko, mama yake Saidi anacheka na kulia. Halafu akaja hadi kwenye jamvi letu wanawake, akainama mbele yangu, akasema polepole, "Biti Hasani, mimi nilikuwa nakuja kukuona wewe. Mizani ilikuwa sababu tu."

Hakuna aliyecheka.

Tangu siku ile, kila nikimkumbuka Saidi, anasema kwa koo la Mzee Likanga. Sauti yake mwenyewe imenitoka. Ile ya kuigwa ndiyo ninayoisikia jikoni, njiani, hata nikiwa katikati ya sala, Mungu anisamehe. Na kwenye riwaya, shujaa wangu akifungua mdomo tu, namwona mzee aliyevaa kofia ya maiti. Imebaki sura ya posa, nami naogopa kuiandika. Nitaolewa na nani humo?

Leo asubuhi nimemkuta Mzee Likanga sokoni, kaleta mihogo yake. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikashindwa kujizuia. Nikamwuliza kama Saidi alimwambia maneno yale kabla hajafa. Nilitaka sana aseme ndiyo.

"Hakuniambia kitu, mwanangu," akasema. "Niliona ulivyokaa kabla sijaanza utani. Wenzio wote wanalia, wewe unaangalia mlango."

Nikamwomba amwige tena, hata neno moja. Akatikisa kichwa.

"Ule ni utani wa msiba, umekwisha na msiba. Nikimwita leo atadhani bado ana kazi huku."

Nimekuja hapa moja kwa moja kutoka sokoni. Miaka yote hii nimelala na maneno ambayo Saidi hakuyasema. Nimemkasirikia yule mzee, kisha nikamhurumia, kisha nikajihurumia mimi.

Basi alisema nini, yeye mwenyewe?

Alisema alichosema kila asubuhi. "Wewe Biti Hasani, hii mizani yako tangu jana haijala? Mbona inameza korosho za watu?" Na akimaliza alicheka, hewa ikimtoka puani kwanza kabla ya sauti. Puani kwanza! Mzee Likanga hakuiga hilo, kwa sababu hakulijua. Ilibidi uwe umesimama karibu kama nilivyosimama mimi.

Nimeifuta posa yote niliyokuwa nimepanga, na maneno yake ya asali. Shujaa wangu hatasema nakupenda. Ataivuka barabara asubuhi, wazee wake wakimfuata na kanzu zao safi, na ataitukana mizani.

Nimeiandika sentensi hiyo sasa hivi. Jirani yangu ameacha karata ananitazama, maana nimecheka kwa sauti huku machozi yanadondokea kibodi. Nimemsikia. Si mzee. Ni Saidi.

Kesho nitaandika nilivyomjibu. Tusi lake hata moja sikuwahi kuliacha lipite.