Karanga Kumi na Saba za Somoe

Jumatatu, 18 Januari 1954
Darasa la saba limeanza jaribio la kuotesha mbegu. Nimeandika ubaoni vichwa vya taarifa: Kusudi, Vifaa, Njia, Matokeo, Maelezo. Kila mtoto ameleta karanga ishirini kutoka kwao, amezilaza kwenye kitambaa kibichi juu ya sahani. Sentensi fupi, mistari ya rula. Ruangwa joto kali. Mvua bado haba.

Jumatatu, 25 Januari
Nimesahihisha. Taarifa thelathini safi: zimeota kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Ya Somoe Hassani pekee ndiyo mbaya. Chini ya Matokeo ameandika: zimeota tatu, kumi na saba hazikuota, ni nyeusi ndani. Nimekasirika. Kitabu kinasema mbegu ikipata maji, hewa na joto huota. Nimempa alama mbili, nikaandika kwa wino mwekundu kwamba amekosea, arudie. Alinifuata mezani. Ni mtoto mpole, si mbishi.

"Mwalimu, nimeandika nilichokiona."

Nikamwambia alitia maji mengi. Akarudi kukaa.

Jumatano, 3 Februari
Kabati la darasani linanuka. Nimelifungua. Sahani zote zimo, karanga zimeoza. Nimehesabu sahani moja moja. Zilizoota nne. Mbili. Tano. Hakuna sahani iliyofika kumi.

Nikawauliza. Kiranja akasema waliandika idadi niliyoitaka. Kweli. Niliitaja mwenyewe siku ya kwanza, kabla mbegu hazijagusa maji.

Mbegu za kila nyumba mwaka huu zimegawiwa kutoka ghala moja la serikali, Nachingwea. Mwaka jana mavuno yalikuwa mabaya, watu wakala akiba ya mbegu. Nilijua hilo. Sikulifikiria. Naona aibu.

Alhamisi, 4 Februari
Somoe hajafika shuleni siku ya tatu. Nimekwenda kwao kwa baiskeli, upande wa Mbwemkuru. Baba yake, Mzee Hassani, alinipeleka moja kwa moja shambani. Ekari mbili. Mche hapa, mche kule, katikati udongo mtupu. Somoe na mama yake walikuwa wakifukua mashimo kuona kama kuna kilicho hai.

Mzee alinieleza polepole, Kiswahili chake na Kimwera pamoja. Binti alimwomba asipande kwanza. Mzee akalipeleka daftari la binti kwa jirani ajuaye kusoma.

"Mwalimu umeandika mtoto kakosea. Basi mimi nikapanda."

Nikamwomba radhi. Akaenda kuwasaidia kufukua.

Jumatatu, 8 Februari
Nachingwea kwa lori. Nimechukua taarifa ya Somoe na hesabu ya sahani zote. Bwana Shamba alisoma, akasema watoto hawajui kupima. Nikamwambia mtoto amepima sawasawa, aliyekosea ni mwalimu. Vigumu kutamka. Tukaenda ghalani. Alifungua gunia, akapasua karanga kwa kucha. Nyeusi. Akafungua la pili.

Ugawaji umesimamishwa. Watu wa Marambo walikuwa wachukue mbegu kesho. Hao wamesalimika. Shamba la Mzee Hassani halikusalimika.

Jumanne, 9 Februari
Somoe amerudi. Nimewaambia darasa zima nilichofanya na kilichotokea shambani kwao Somoe. Nikawaambia: matokeo yaandikwe siku ileile, kama yalivyo, hata yakipingana na kitabu. Hata yakipingana nami. Maelezo ni baadaye, na kama sababu hujui, andika hujui. Nimeisoma taarifa yake kwa sauti na kuifuta alama ile. Hakutabasamu. Sikustahili.

Jumamosi, 13 Februari
Nimekwenda Mbwemkuru na jembe. Hakuna aliyeniita. Wanapanda ufuta palipokuwa na karanga. Mama yake Somoe alinionyesha mstari wa kuanzia. Tumelima mpaka adhuhuri, maneno machache. Mzee Hassani alikwenda kuswali, akarudi, tukaendelea. Wakati wa kuondoka alinipa mkono.

Mikono imetoka malengelenge. Jioni mvua imenyesha kidogo.