Nusu Inchi Iliyoliwa na Programu Yako

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya duka la vifaa vya umeme,
Jumatano asubuhi.

Mpendwa mwanangu, mtoto wa kaka yangu,

Hujambo huko uliko? Masomo yanaendaje, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku tu wazima, ila mimi shangazi yako nina hasira mpaka naikandamiza kalamu, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Ni hiyo programu yako ya kompyuta, ya lugha ya C, uliyonitumia inisaidie kupanga vipimo vya wateja. Ulisema niandike majina na vipimo kwenye faili, yenyewe itasoma na kuchapa karatasi safi. Haya! Siku ya kwanza nikamwandika Mama Pacha, ikachapa "Mama" na sifuri tupu. Mama nani, jamani? Wateja wangu karibu wote ni akina Mama!

Nikamwita fundi simu wa jirani, maana naye anaijuajua C. Akasema programu ikisoma jina inakomea penye nafasi, halafu inataka "Pacha" iwe kipimo cha kifua, inakwama. Tukaunganisha majina kwa kistari cha chini, Mama_Pacha, mambo yakakaa sawa. Hilo nililimeza.

La pili halimezeki. Dada yako anaolewa Jumamosi, unajua. Vipimo vyake nilivichukua kwa mkono wangu: kifua 34.5, kiuno 28.5, nyonga 38.5. Karatasi ikatoka 34, 28, 38, imenyooka kama askari wa gwaride. Nikakata. Jana kavaa gauni, zipu ikagoma katikati ya mgongo. Na kitambaa ni kile alichokiacha marehemu mama yenu, hakuna kingine. Kilikuwa haba, sikuweza kuacha upana wa kutosha kwenye mishono.

Fundi simu akafungua faili: nusu zote zimo! Programu ilizisoma vizuri, ikaja kuzitupa wakati wa kuchapa. Kumbe uliandika %.0f, yaani isionyeshe chochote baada ya nukta. Akabadili ile sifuri ikawa moja, nusu zikarudi. Tarakimu moja, mwanangu! Ulitaka safu zipendeze, siyo? Nani alikuambia mwili wa mtu hauna nusu? Si ungeniuliza? Nusu inchi ndiyo kazi yangu!

Sasa nakata mikono ya gauni nipate vipande vya kuongezea ubavuni. Mikono mirefu aliyoitaka hatapata tena.

Baba yako anakusalimu sana, na fundi simu pia, ingawa anachekacheka. Mungu akulinde na akupe utulivu wa kujaribu kazi yako kabla hujaituma kwa watu.

Dada yako naye anakusalimu. Alilia jana mpaka macho yakavimba, kisha akanikataza katakata nisikuandikie haya. "Shangazi, usimwambie," alisema. "Kaka alitaka kutusaidia tu." Mimi nimekuambia. Mpigie simu leo hii.

Shangazi yako akupendaye, hata leo nikiwa nimekasirika hivi.