Pikipiki ya Kaka Deo

Jumamosi, Kagondo

Matofali siyataki tena. Kaka Deo aliinua pikipiki hii juu ya matofali, yakavunjika, ikamwangukia kifuani. Tukamzika kibanjani, kwenye migomba yake.

Lakini tairi la mbele lina pancha, na kesho katibu wa kijiji chetu cha ujamaa anataka nimfikishe Muleba. Nikaweka gogo chini ya injini, nikafunga usukani kwenye nguzo ya baraza. Mjane wa Deo akakalia kiti cha nyuma ili mbele inyanyuke. "Shemeji, usiingie chini," alirudia mpaka akaniudhi.

Pikipiki haikutikisika. Nilipolijaribu gurudumu, likazunguka likilia kama zamani, Deo alipolizungusha.

Mama akaita kutoka jikoni, "Deo, hujamaliza?"

Shemeji aliinamisha kichwa. Nikajibu, "Bado kidogo, Mama."