Kuoza Maua

Jumatatu, 3 Novemba 1930. Andoany.
Shambani tangu alfajiri, kuoza vanila. Ua hufunguka asubuhi, mchana limekwisha. Ndani mna dume na jike, chumba kimoja: chavua juu, mdomo wa kike chini, kati yao pazia jembamba. Unainua pazia kwa kijiti, unabana kwa kidole gumba, ndoa imefungwa. Kile kinachodhaniwa kikonyo ndicho kizazi. Ua likishika, kinarefuka kuwa tunda.

Lililoshika hunyauka likang'ang'ania. Lisiloshika huanguka kesho yake. Yangu yote yako chini. Ya wifi yangu Zaina, mstari wa pili, hayajaanguka hata moja. Tunaita kazi hii kuoza maua. Yangu yanaoza kweli.

Jumanne, 4
Yamepukutika tena. Wanawake wananong'ona: mkono wa tasa hauozi. Wapumbavu. Msimamizi kanipa mpaka wiki ijayo. Nikifukuzwa narudi Mahajanga kwa mume wangu, nikampikie mke mdogo aliye na mimba. Siendi.

Jumatano, 5
Barua ya mume wangu imefika, kwa dada yake, si kwangu. Zaina hunisomea barua zote, mwandiko mdogo unanichosha; mwenyewe naandika kwa herufi kubwa. Hii kaikunja haraka, kaitia kifuani. Kuna jambo.

Alhamisi, 6
Nimemwona Zaina! Nilikwenda kunywa maji kisimani, nikageuka: yuko mstarini kwangu, anashika maua yangu moja moja. Umbali wote ule niliona hata pete yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Kaka anataka mpishi, dada anamtafutia: ananiharibia maua nifukuzwe. Alipoondoka nikafunga uzi mwekundu kwenye maua aliyoyagusa.

Ijumaa, 7
Yenye uzi yameshika, yote. Yasiyo na uzi yameanguka. Sielewi. Hasira imezidi: huu ni uchawi.

Jumamosi, 8
Nilimkamata mkono, nikamuuliza anatafuta nini mstarini kwangu. Akachuma ua lililofunguka, akanipa.

"Wifi, nionyeshe pazia."

Nikalileta karibu. Ukungu. Nikalisogeza mbali. Njano tupu. Nikaonyesha kwa kubahatisha.

"Hapo ni ukingo," akasema taratibu. "Siku zote hizi unabana juu ya pazia. Dume na jike hawajaonana."

Si mkono. Ni macho. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka. Tangu juzi alikuwa akirudia maua yangu kila alipopata nafasi, na mimi namwita mchawi moyoni.

Jumatatu, 10
Mvua kidogo asubuhi. Msimamizi amekubali tushike mistari miwili pamoja. Mimi natafuta yaliyofunguka na kuinamisha matawi, Zaina anaoza.

Mchana akanisomea ile barua. Alificha nisiumie. Kaka yake anaagiza nirudi, mke mdogo hajiwezi. Akaandika jibu mbele yangu, akalisoma kwa sauti: "Wifi harudi. Nina kazi naye."

Nikamwambia aongeze salamu zangu kwa mke mdogo, na kwa mtoto ajaye. Ameongeza.