Jiwe na kikwembe ya Pasaka

Furaha mujukuu wangu,

Huku siye wote tuko muzima, magoti yangu tu ndiyo inanisumbua. Dada yako amezaa musichana, analia kwa nguvu kama weye zamani.

Unauliza hiyo mambo ya Buddha ulianza kujifunza huko Ubelgiji, kukaa kimya na kufuata pumzi, inasaidia nini. Miye niko mukatoliki, lakini nitakuambia.

Wakati wa Zaïre, kikwembe yangu ya chorale ya kanisa, kitambaa ya kujifunga ile tulinunua siye waimbaji wote kwa Pasaka, iliibiwa kwenye kamba. Kesho yake, ku soko ya Bunia, nikaona mwanamuke mugeni amebeba mutoto mu mugongo na kikwembe ileile. Nikapiga kelele: "Mwizi!" Watu wakamuzunguka na fimbo.

"Mama, niliinunua ku soko ya Ariwara!" Nani alimusikiliza?

Jirani yetu wa mutaa ya Ngezi, mwalimu Muvietnam, mutu wa dini ya Buddha, akasimama mbele yangu. Hakunigombeza.

"Mama Régine, vuta pumzi tatu. Kisha sema."

Ya kwanza niliivuta na hasira. Ya pili nikasikia mukono yangu iko nzito: nilikuwa nimeshika jiwe. Niliokota wapi, mupaka leo sijui. Ya tatu nikaangalia kikwembe. Yangu iliunguzwa pembeni na pasi ya makala ya moto. Ile ilikuwa nzima.

Nikaachia jiwe. "Si yeye! Ni miye nimekosa!" Nilirudia vile kwa kelele mupaka sauti ikakauka, ndipo wakamuachilia.

Baadaye tulizoeana, tukawa ndugu. Na ule mutoto wa mugongoni alikuja kuoa binti yangu; leo weye unamuita papa.

Koko yako,
Régine