Nyumbu wa Bassou Kwenye Theluji

Mtaa wa Juu,
Azrou.
26 Februari 2021

Mpendwa mdogo wangu Tuda,

Pokea salamu zangu za moyoni, wewe na shemeji Driss na binti yetu Nejma. Hamjambo huko Liège? Goti lako linakwendaje na baridi hii? Na Driss, bado anafungua dirisha asubuhi akidai hewa baridi ni dawa? Mwambie nimesema alifunge. Mke wake si nyama ya kuhifadhiwa.

Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Nimeliandika neno hilo, kisha nikaweka kalamu chini kidogo, maana mwezi uliopita nisingeweza kuliandika. Nitakueleza yote. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu ungelia, nami ningelia, na habari isingefika mwisho.

Unajua tangu shemeji yako Moha astaafu kazi ya askari wa misitu, majira ya baridi tunaishi katika chumba kimoja tu, kile chenye jiko la kuni. Yeye huamka kwanza, akawasha moto na kuteleka birika. Mimi hukanda unga. Mchana ananisomea habari nisizozitaka, jioni tunamsubiri mwanetu Idir apige simu kutoka Agadir. Gonjwa hili lilipoingia, Moha akajipa cheo kingine: mlinzi wangu. Mayai ya sokoni anayaosha kwa sabuni. Barua yoyote ikija anaianika juani siku mbili ndipo aifungue. Nikimcheka ananijibu, "Cheka tu, mama Idir. Korona haina masihara na mtu."

Sasa nije kwenye lililonikalia kooni. Unaikumbuka ile Jumapili ya Januari uliyopiga simu, Moha akakuambia nimekwenda hamamu? Tuda, bafu lile la mtaa lilikuwa limefungwa tangu vuli! Mume wangu hajui kudanganya hata kidogo. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, ninaumwa, nikamsikia akibabaika, nikacheka chini ya blanketi mpaka kifua kikauma. Ni mimi niliyemkataza kukuambia. Nisamehe, mdogo wangu. Mipaka imefungwa, ungefanya nini zaidi ya kukosa usingizi?

Ugonjwa nilijitafutia mwenyewe. Mama Yamna, yule mzee aliyetufundisha kufuma mazulia, alifariki mwanzoni mwa Januari. Moha akaniambia, "Usiende. Utawapigia simu." Mimi nikamwambia mkono wa rambirambi haupiti kwenye simu. Nikavaa barakoa, nikaenda, nikamshika binti yake mkono, nikarudi. Sikukaa hata kumaliza glasi ya chai. Siku ya tano nikaunguza supu ya maharage makavu, moshi umejaa nyumba nzima, na mimi nimesimama pale pale juu ya sufuria sisikii harufu yoyote. Moha akaingia mbio. Tukatazamana.

Kituo cha afya wakanipima, wakanipa dawa na kuniambia nijitenge. Hofu yangu haikuwa kufa, nakuambia kweli. Hofu yangu ilikuwa kumwambukiza yeye, na kifua chake kile kilichovuta moshi wa misitu iliyoungua miaka thelathini na mitatu. Nikamwambia ahamie nyumba ya dada yake mpaka nipone. Akatoka. Nikadhani anafunga nguo zake. Kumbe amekwenda kuchukua kiti, akakiweka kwenye ujia mbele ya mlango wangu, akajifunika lile koti lake la kazi, akakaa.

"Mama Idir, unapumua?"

"Napumua."

"Pumua kwa sauti basi, nisikie."

Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu. Na akapika, Tuda! Mwanamume ambaye miaka arobaini na mmoja ya ndoa hakujua chumvi inakaa wapi. Alikuwa akiacha bakuli mlangoni, anagonga, anarudi nyuma hatua nne, anauliza, "Tamu?" Mimi ulimi umekufa, sionji kitu, namjibu tamu sana. Akavimba kichwa. Siku ladha iliporudi ndipo nikajua nilikuwa nimekula nini wiki nzima. Basi ile chumvi alikuwa ameiona, na hakuibakiza.

Siku ya tisa ya ugonjwa hali ikageuka. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Theluji ilikuwa imeanguka siku mbili mfululizo, imefika juu ya magoti. Kile kifaa cha kubana kidole na kupima oksijeni ya damu alichotutumia Idir kikasoma themanini na sita, na mimi sentensi moja nilikuwa naivuta kwa pumzi tatu. Moha akampigia daktari. Daktari akasema nipate oksijeni leo hii, isingoje kesho. Gari la wagonjwa likaja kweli, lakini likaishia chini kwa muuza nyama. Mteremko wetu ulikuwa barafu tupu, magurudumu yakazunguka pale pale. Kunibeba Moha hawezi. Kunipandishia mgongoni mtungi mzito wa oksijeni uliokuja na gari pia hawezi, ana miaka sabini na mbili.

Mtaa mzima, mwenye mnyama wa kupita kwenye theluji ile alikuwa mmoja tu: Bassou, nyumba ya tatu juu yetu, na nyumbu wake wa kijivu wa kubebea mizigo.

Unamkumbuka Bassou. Ndiye yule ambaye Moha alimkamata msituni kwa kukata mwerezi, akafungwa miezi minne. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Miaka kumi na tisa! Wakikutana njiani mmoja anatazama milima, mwingine anatazama viatu.

Moha akaenda. Mwenyewe alinisimulia baadaye. Alisimama kwenye theluji mbele ya mlango ule, barakoa usoni, akabisha. Bassou akafungua.

"Bassou, ni mimi."

"Nakuona. Miaka kumi na tisa nakuona."

"Itto hawezi kupumua. Mtungi umekwama chini na gari. Nimekuja kwa ajili ya nyumbu."

Bassou hakungoja amalize. Alikuwa tayari amegeuka kuchukua tandiko. "Ungeanza na hilo la Itto," akasema. Na wakati anakaza kamba akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Nilipokuwa ndani, mkeo ndiye aliyewalisha mkate wanangu. Kila asubuhi. Kwani hukujua?"

Moha hakujua, Tuda. Sikumwambia kamwe. Nilikuwa nakanda mikate miwili ya ziada alfajiri, nampelekea mke wa Bassou, Mungu amrehemu, kwa njia ya nyuma. Watoto wanne, na baba yao kifungoni. Mume wangu alikuwa ameifanya kazi yake sawasawa, sikumlaumu. Lakini watoto hawakukata mti.

Nyumbu akashuka, akapanda na mtungi, na nyuma yake muuguzi kijana wa kike ameshika mkia wa mnyama asiteleze. Niliwasikia kabla sijawaona, Bassou anamtukana nyumbu wake matusi yote ya Azrou. Nikavuta ile hewa. Siwezi kukueleza, mdogo wangu. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa amenikalia kifuani kainuka taratibu. Siku sita nilitumia oksijeni, na mara tatu Bassou alibadilisha mtungi, bila kuitwa.

Jioni ya siku ile ya nyumbu nikasikia kiti kinalia kule nje ya mlango.

"Mama Idir. Ulikuwa unawapelekea mkate?"

"Ndiyo."

"Miezi yote minne?"

"Yote."

Kisha akasema, "Kwa unga wangu?" Nikataka kucheka, pumzi ikakataa. Na nikamsikia yeye analia, polepole, kama anayeogopa kusikiwa. Akasema, "Ahsante." Neno moja. Sijawahi kulisikia kwake kwa namna ile.

Moha hakuambukizwa. Kwa nini, hata daktari hajui. Mimi nimebaki na uchovu, nikipanda ngazi napumzika katikati, lakini kila asubuhi harufu ya kuni inaponifikia nasema alhamdulillahi kabla sijafumbua macho. Wiki iliyopita Moha alichanjwa sindano ya kwanza, na yangu inakuja wala haiko mbali. Anajivunia ule mkono kana kwamba ametoka vitani.

Sasa kila Ijumaa nikipika kuskusi napakua sahani ya tatu. Bassou haingii ndani. Anakula juani karibu na ukuta, na Moha anakaa hatua nne kutoka kwake. Unadhani wanaongea nini? Ule mwerezi!

"Ulikuwa umekauka," anasema Bassou.

"Ulikuwa mbichi. Nilishika majani yake kwa mkono huu."

"Umekauka, wee mzee. Macho yako yalikuwa mabovu tangu zamani."

Wanabishana mpaka sahani zinapoa, na Ijumaa ijayo wanaanza upya. Leo nilikuwa dirishani naosha glasi nikamwona Moha anachezea fimbo yake kwenye theluji inayoyeyuka. Kisha akasema, "Upande wa kaskazini. Upande wa kaskazini ulikuwa umeanza kukauka."

Bassou alimsogezea sahani ya zeituni kwa ncha ya fimbo yake, hatua zile nne zote, na Moha akachukua moja.

Nisalimie Driss, mbusu Nejma, na usimsahau shangazi Hnia ukipita kwake. Idir na Moha wanawasalimu. Mungu awafunike kwa afya, aufungue mlango wa safari, na atukutanishe tukiwa na pumzi za kutosha kugombana.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni,

Itto